Mabepari wa Venisi: nani aliwahi kuisoma hadi mwisho? Na vitabu vingine vya mji ule wa mifereji

#1 kibatari_7 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilipita kwa wale wauza vitabu wanaotandika turubai kando ya barabara, nikaokota *Mabepari wa Venisi*. Toleo la Oxford la 1969, jalada limebanduka, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Jamaa alianza na elfu tano, tukamalizana kwa elfu tatu. Nilivyopanda daladala tu nikafungua, nikapitilizwa kituo.

Kwa vijana ambao hawajakutana nayo: ni tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu. Alishatoa *Juliasi Kaizari* mwaka 1963, miaka sita baadaye akaja na hii. Hadithi kwa kifupi: Bassanio anataka kumposa binti tajiri, Portia, mfukoni hana kitu. Anamfuata rafiki yake Antonio, mfanyabiashara wa meli, lakini mali ya Antonio yote iko baharini. Wanakopa kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Riba hakuna. Ila Antonio asipolipa, Shylock atamkata ratili moja ya nyama mwilini. Zinakuja habari kwamba meli zimezama, siku ya deni inafika, wanaburuzana mahakamani.

Sasa msiba wangu: kopi yangu inaishia kwenye kesi. Mtu kachana karatasi zote za nyuma, tendo la tano halipo. Tangu sekondari mimi najua kipande cha mahakamani tu, maana ndicho tulichoigiza, na leo nimeuziwa kitabu chenye kasoro ile ile.

Mwenye kopi kamili anisaidie. Na tukiwa hapa tuongelee waandishi wengine wa mji huu, kwa sababu kuna jambo linanikera. Shakespeare hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga Venisi. Kaandika tamthilia mbili za huko, hii na *Othello*, bila kuuona mfereji hata mmoja. Ndiyo maana humu ndani hakunuki maji. Soko la Rialto linatajwa, gondola inapita kwa mbali, imetoka hiyo.

Nawasilisha.

#2 siti_ya_dirishani

Nimeshaweka mkeka hapa mbele.

#3 mzee_wa_chenji

Elfu tatu kwa kitabu kisicho na mwisho? Wewe ndiye Antonio wa uzi huu.

#4 Babu_Kalamu

Wanangu, kabla hamjafika mbali hebu litazameni hilo jalada. Jina la Kiingereza linasema mfanyabiashara, mmoja. Mwalimu kaandika *mabepari*, wengi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na haukupita mwaka bila mwanafunzi kunyoosha mkono: kwani mwalimu, mfanyabiashara na bepari ni kitu kimoja?

Nilikuwa nawajibu kwa Azimio la Arusha. Azimio ni Februari 1967, kitabu ni 1969. Miaka ile ukifungua redio ni mabepari, makabaila, kupe, mirija. Mtu akisikia bepari hamuwazi muuza vitunguu wa sokoni. Kwa hiyo tukasema Mwalimu kapenyeza siasa kwenye jalada, tukapiga kengele, tukatoka.

Baadaye sana nikafungua kamusi ya zamani ya Johnson, ile ya 1939. Bepari humo ni mfanyabiashara tu, hana kosa lolote. Neno tumelipata kwa Wahindi, na kwao vepari ni mtu wa kununua na kuuza. Ubaya tumemtwisha sisi baadaye. Kumbe Mwalimu alitafsiri sawasawa kabisa, kwa Kiswahili cha babu yake mtu, huku akijua vizuri kwamba wasomaji wake watasikia cha kwenye redio.

Unabaki wingi. Portia anaingia mahakamani amejigeuza mwanasheria wa kiume, na miongoni mwa maswali yake ya mwanzo ni hili: yupi hapa mfanyabiashara, na yupi Myahudi? Mmoja ni mwungwana anayeamkiwa na mji mzima, wa pili hutemewa mate barabarani na huyo huyo mwungwana, na mtu aliyekuja kuwaamua hawezi kuwatofautisha kwa macho. Nadhani Mwalimu alilijibu swali la Portia juu ya jalada.

#5 wakili_wa_mtaa

Shikamoo Babu. Hapo kwenye wingi umenimaliza.

Mimi niongeze la kwangu. Mkataba wa Shylock ndio babu wa mikopo ya kausha damu, isipokuwa ule uliruhusu nyama ukasahau damu. Portia akamkamatia hapo hapo: kata, ni haki yako, ratili moja isizidi wala isipungue, lakini tone moja la damu likidondoka mali yako inataifishwa.

Watu hupiga makofi hapo. Mimi kila nikisoma nakunja uso. Ukimuuzia mtu haki ya kuchimba kisima kwako huwezi kumshtaki kwa kutoa udongo. Nyama ina damu, anayeruhusu moja karuhusu la pili. Jibu safi lilikuwa kusema mkataba wa kumuua mtu ni batili tangu siku ya kusainiwa, kesi kwisha, kila mtu nyumbani. Halafu mtazameni huyo anayeamua: hana leseni, joho la kujifanyia, na deni lenyewe ni la mume wake. Angekuwa hakimu wetu hapa uzi ungefunguliwa asubuhi yake.

#6 mzee_wa_chenji

Kwa hiyo Shylock alionewa?

#7 wakili_wa_mtaa

Alitaka kuua, hilo halina ubishi, kisu alikinoa kwenye soli ya kiatu mbele ya watu. Lakini aliingia akidai deni, akatoka amepoteza mali na kulazimishwa kubadili dini. Jumlisha mwenyewe.

#8 pweza_wa_nazi

Asalaam alaykum jamaa. Mie wa Unguja, nimekuja kwa hilo lalamiko la mleta uzi, eti mtu kauandika mji asioufika. Basi sie tuseme nini?

Marco Polo ni mtoto wa Venisi, kazaliwa 1254. Katoka na baba yake na ami yake 1271, kakaa huko China kwa mfalme Kublai Khan, karudi 1295. Halafu kakamatwa na watu wa Genova, wakati huo maadui wakubwa wa kwao, akatiwa jela. Mle jela akamkuta mwandishi wa Pisa, Rustichello, ndiye aliyekiandika kitabu yeye akisimulia, mwaka 1298. Sasa ndani ya kitabu hicho mna Zanzibar. Hakuja. Hakupita hata karibu. Lakini kasema ni kisiwa ambacho ukikizunguka unakwenda maili 2,000, tembo wamejaa, na watu wake ni majitu: mmoja anabeba mzigo wa watu wanne na anakula chakula cha watano.

Unguja yenyewe ukiendesha asubuhi kutoka Nungwi, mchana ushafika Makunduchi ushakula. Wanaojua wanasema kachanganya pwani nzima akaiita kisiwa. Kisiwa kikubwa cha jirani nacho kilipata jina la Madagaska kwa mlango huo huo, inaelekea kasikia habari za Mogadishu akaziweka siko.

La mizigo ya wanne sina hakika nalo. La kula kwa watano, njoo harusini kwetu uhakikishe.

#9 siti_ya_dirishani

🤣🤣 Pweza acha!

#10 kibatari_7

Pweza nimekubali yaishe. Mvenisi anaandika Zanzibar hajaiona, Mwingereza anaandika Venisi hajaiona, sisi tunakuja kuisoma kwa tafsiri ya Mzanaki ambaye kazi yake ya mchana ni urais.

Ila bado nataka kitabu cha mtu aliyelowa miguu.

#11 dakika_kumi_Mestre

Mimi hapa, nimelowa miguu. Naishi Mestre, upande wa bara, naingia Venisi kwa treni kila siku, ni dakika kumi hivi juu ya maji. Niko jikoni kwenye mgahawa mmoja, sitautaja.

Novemba 12, 2019 usiku tulikuwa tunafunga. King'ora kilishalia mapema, mbao za kuzuia mlango tulishaweka, tukajiona wajanja. Maji hayakupita mlangoni. Yalipanda kwa tundu la sakafuni tunalopigia deki, polepole, masafi kabisa mwanzoni, kama mtu kafungua bomba chini ya nyumba. Baada ya robo saa friji ya chini ilikuwa inaelea imeinama upande. Kipimo cha mji usiku ule kilisoma sentimita 187. Rekodi ni 194, ya Novemba 1966. Nilirudi nyumbani alfajiri nimebeba viatu mkononi.

Mji mzima umekaa juu ya visiwa vidogo 118, na chumvi inapanda ukutani hadi usawa wa kiuno. Shakespeare hana hayo. Anayo Joseph Brodsky, mshairi wa Urusi aliyefukuzwa kwao, akapata Nobeli 1987. Alikuwa anakuja karibu kila mwaka, na kila mara wakati wa baridi, majira ambayo mtalii mwenye akili yuko kwao. Kitabu chake kidogo kinaitwa *Watermark*. Anaanza na usiku aliofika stesheni, na kilichompokea ni harufu ya mwani ulioganda kwa baridi. Nilisoma hapo nikakifunga kitabu, maana ni harufu ile ile ninayoisikia nikishuka saa kumi na moja Januari. Amezikwa huko huko, kisiwa cha makaburi kinaitwa San Michele, unakwenda kwa boti ya abiria.

Na kuna jambo la Shylock ambalo Shakespeare hakulijua, au hakulijali. Wayahudi wa Venisi tangu 1516 walitengewa kisiwa chao, milango inafungwa usiku, walinzi Wakristo, na mishahara ya walinzi wanailipa wao waliofungiwa. Wakitoka nje lazima wavae alama. Sehemu hiyo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kiwanda kwa lugha ya Venisi kiliitwa *geto*.

Ndiyo wakuu. Geto. Hilo hilo ulilopanga wewe kwa mwezi, godoro chini na jiko la gesi pembeni. Neno limetoka kule, likazunguka Ulaya, likavuka Amerika, likaja Manzese.

Nimeingia. Watu waliongezeka, kisiwa hakikuongezeka, wakajenga kwenda juu. Ghorofa saba na zaidi, na dari ni fupi kiasi kwamba mimi wa futi sita nimeinama. Milango ilivunjwa wakati wa Napoleon, 1797, mwaka ule ule jamhuri yao ilipoanguka. *Mabepari* mzima neno hilo halimo hata mara moja. Shylock anatoka na kuingia nyumbani kwake usiku kama mtu wa Masaki.

#12 Babu_Kalamu

Mwanangu wa Mestre, ungekuja darasani kwangu siku moja tu.

#13 mzee_wa_chenji

Kuanzia leo sisemi nimehama geto. Nasema nimetoka kwenye kiwanda cha shaba.

#14 kaa_la_moto_NRB

Wadau, niko Nairobi. Kama mnataka aliyeunganisha geto na Othello, tafuteni Caryl Phillips, mzaliwa wa St Kitts aliyekulia Uingereza. Riwaya ni *The Nature of Blood*, ya 1997. Mle ndani yumo jenerali Mwafrika ambaye Venisi inamhitaji kwa vita, inamkaribisha mezani, lakini akigusa binti yao inakuwa mambo mengine. Usiku anatembea peke yake anaingia geto, anawatazama Wayahudi waliofungiwa, na haelewi kwamba anajitazama mwenyewe. Wakati mwingine kitabu kinaruka hadi kwa Hitler. Si rahisi kusoma, nilikiacha mara mbili. Mara ya tatu nikakimaliza kwa usiku mmoja.

Shakespeare naye Othello hakumtoa kichwani mwake. Hadithi aliichukua kwa Mwitaliano Cinthio, ya 1565. Huko yule Mwafrika hana hata jina, ni "Mmoro" tu. Jina Othello alipewa na Shakespeare. Hilo nampa alama.

#15 wa_Likoni

Nyote mwataja wageni. Mwingereza, Mrusi, Mjerumani atakuja sasa hivi. Wenyewe wa Venisi hawana kalamu?

Mtafuteni Carlo Goldoni, kazaliwa papo hapo 1707. Msimu mmoja, 1750 kuingia 1751, aliahidi watu tamthilia kumi na sita mpya za kuchekesha, na akazitimiza. Ile niipendayo ni ya 1762, *Le baruffe chiozzotte*, yaani magomvi ya watu wa Chioggia, mji wa wavuvi kusini ya ghuba ile ile. Wanaume wako baharini. Wanawake wamekaa barazani wakifuma lesi, wakipigana vijembe. Apita kijana mmoja, Toffolo, amnunulia Lucietta kipande cha boga la kuchoma. Boga! Na Lucietta mchumba wake yuko chomboni. Jahazi lafika, maneno yashafika kabla yake, visu vyatolewa, mawe yarushwa, wote waishia kwa karani wa mahakama ambaye hajui amshike nani. Goldoni alikuwa karani wa namna hiyo pale Chioggia ujanani mwake, kwa hiyo haya hakuambiwa.

Nami nilikulia nyumba ya uani. Vita vya boga navijua. Kwetu ilikuwa bahasha ya viazi karai.

Na ameiandika kwa lugha ya hao wavuvi, si kwa Kiitaliano cha wakubwa. Ndiyo maana nje haisikiki sana.

#16 pweza_wa_nazi

Wa Likoni umesema kweli tupu. Ile si tamthilia, ni mipasho imekosa zumari tu.

Niongeze la uchapaji, maana bila hao vitabu vingekuwa vya matajiri peke yao. Venisi ilikuwa karakana ya vitabu ya Ulaya. Aldus Manutius tangu 1501 alichapa vya kutia mfukoni, na herufi za kulala tunazozitumia leo ni za karakana yake. Na Kurani ya kwanza kuchapwa kwa mashine kwa herufi za Kiarabu ilichapwa Venisi, na Paganini baba na mwana, 1537 hivi kuingia 1538. Walitaka kuwauzia Waislamu. Wapi! Imejaa makosa ya herufi, dali na dhali hazijulikani, nani angeinunua? Watu walidhani nakala zote zimepotea hadi 1987, moja ikaonekana kwenye maktaba ya watawa, kisiwa cha San Michele. Pale pale alipozikwa Mrusi wenu.

#17 kaa_la_moto_NRB

Mjerumani aliyetabiriwa na wa_Likoni nimemleta: Thomas Mann, *Der Tod in Venedig*, yaani Kifo Venisi, 1912. Mwandishi mzee mwenye heshima zake anakuja mapumzikoni kisiwa cha Lido, anamwona mvulana wa Kipolandi ufukweni, akili inaruka.

#18 wakili_wa_mtaa

Nilisoma hicho kitabu nikataka kukitupa. Mzee anamfuata mtoto mji mzima!

#19 dakika_kumi_Mestre

Wakili, mwandishi hakutaka umpende. Soma upya ukiacha yule mzee, fuata kipindupindu. Mitaa inanuka dawa ya kuua vijidudu, mabango yanawaambia watu wasile chaza, na kila anayeulizwa anasema ni tahadhari ya kawaida ya joto. Mwenye kusema ukweli ni karani mmoja Mwingereza wa ofisi ya usafiri, kwa sauti ya chini. Mji unaficha ugonjwa ili wageni wasikimbie. Mann alikuwa Lido mwenyewe 1911, na kipindupindu kilikuwepo kweli mwaka ule, na kilifichwa kweli. Mzee anakufa kwenye kiti cha ufukweni baada ya kula stroberi zilizoiva kupita kiasi, laini, za mtaani.

Nimefanya kazi na watalii miaka kumi. Ile nusu ya kitabu ni habari ya gazeti.

#20 siti_ya_dirishani

Vya upelelezi je? Mimi sina kifua cha hivi vizito.

#21 kaa_la_moto_NRB

Donna Leon, Mmarekani aliyeishi huko miaka mingi. Mpelelezi wake anaitwa Brunetti, anza na *Death at La Fenice* ya 1992. Kuna zaidi ya thelathini, utachoka wewe. Kituko ni kwamba amekataa visitafsiriwe Kiitaliano, hataki majirani wamsome.

Ukitaka kuogopa, Daphne du Maurier, *Don't Look Now*. Fupi. Usisome usiku.

#22 Babu_Kalamu

Na yule Mwitaliano Calvino jamani? *Le città invisibili*, 1972. Marco Polo anamsimulia Kublai Khan miji hamsini na mitano, mmoja wa ajabu kuliko mwingine. Mfalme anamwambia, mbona mji mmoja hujanisimulia, Venisi. Naye anajibu, unadhani siku zote nimekuwa nikisimulia nini kingine?

#23 kibatari_7

Babu, hiyo nimeinakili kwenye daftari.

Ila wakuu, tendo la tano jamani. Kurasa 22 za posti na bado sijui Antonio aliishia wapi.

#24 mzee_wa_chenji

Posti 22, siyo kurasa. Unaongeza chumvi kama Marco Polo.

#25 mama_Tunu

Nimesoma uzi wote kimya kimya nikiwa napika. Kopi kamili ninayo, ya marehemu baba, ina mhuri wake na doa la mafuta ya taa. Karatasi zako nitazipiga picha nikutumie faraghani.

Nakuonjesha. Tendo la tano halina mahakama. Ni usiku, mbalamwezi, nyumbani kwa Portia. Shylock hayupo tena, ila hati ya mali aliyonyang'anywa imo. Wanawake wanawabana waume zao kwa pete walizozitoa, vicheko, wanapatana. Halafu Portia anamkabidhi Antonio barua: meli zako tatu zimeingia bandarini salama, zimejaa mali.

#26 wakili_wa_mtaa

Kumbe hazikuzama? Basi deni lilikuwa linalipika! Barua kaipata wapi?

#27 mama_Tunu

Na hilo limo. Anamwambia Antonio, hutajua nimeipataje. Kwa herufi nyeusi kabisa, Shakespeare mwenyewe kakataa kueleza.

#28 kibatari_7

Picha zimefika, mama, zote zinasomeka. Baba yako kaweka mstari wa penseli chini ya meli tatu na pembeni kaandika "!!".